Usiku wa Taarab: Anza na Mazoezi

Mtu akitua Unguja na hamu ya taarab, kwanza huuliza onyesho liko wapi. Ataelekezwa hoteli yenye bango mlangoni, akae mezani, apigiwe nyimbo tatu nne zinazojulikana na kila mtu huku wahudumu wakipita na sahani za pweza, kisha arudi kulala akiamini taarab ameshaisikia. Hakudanganywa, maana mara nyingi wapigaji ni walewale. Ila kama una jioni moja tu, tafuta mazoezi. Onyesho litakuja baadaye, na likikukuta utakuwa na masikio ya kulisikilizia.

Nasema hivyo kwa kuwa taarab ya Zanzibar ni muziki wa klabu, na klabu ni wanachama wake. Anayepiga fidla usiku huenda mchana alikuwa darasani anasomesha. Wa akodioni ana meza yake afisi ya serikali. Mwimbaji ana duka la khanga. Wachache sana wanakula kwa muziki peke yake. Wengine huja baada ya kazi kwa sababu wanaupenda, na kwa sababu babu wa mmoja na shangazi wa mwingine walikuwa humohumo.

Lakini mambo hayakuanzia klabu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka mtu aitwaye Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze ganuni ili jumbani pasikose burudani. Taarab ikawa kitu cha kasri, na raia akaisikia kwa mbali. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, wakachanga, wakaagiza ala Misri, wakajifunza wao kwa wao. Klabu hiyo ipo mpaka leo. Culture Musical Club, ambayo ndiyo jina jingine kubwa, mizizi yake inafika 1958. Ukizungumza na mwanachama wa moja usizidishe kuisifu nyingine. Utani wao ni wa miaka mingi na hauhitaji mgeni.

Kufika, kuingia, kukaa

Culture wana jumba lao Vuga, kwenye Mji Mkongwe. Ikhwani Safaa wako upande wa Malindi. Mazoezi huwa jioni au usiku, watu wakishatoka kazini na wakishasali. Siku na saa hubadilika: kuna msiba, kuna harusi waliyoalikwa, kuna umeme uliokatika. Kwa hiyo ratiba ya kuandikwa usiitegemee sana. Pita mchana wa siku ileile, uliza mlangoni, na kama pamefungwa uliza kwenye baraza ya karibu. Wanaokunywa kahawa pale wanajua nani anafanya mazoezi leo kuliko mtu yeyote wa kitengo cha utalii. Mwezi wa Ramadhani usihangaike, klabu zimenyamaza. Sikukuu za Idd mbili ndio msimu wenyewe, na hapo ukumbi hujaa.

Ukifika, toa salamu kwa wote kwa pamoja, kisha mtafute aliye mkubwa au katibu umwombe ruhusa. Maneno hayahitaji kuwa mengi. "Assalaam alaykum. Shikamoo mzee. Nimekuja kusikiliza, kama hapana ubaya." Jibu karibu kila mara ni "Karibu mwanangu, kaa," na kiti kitavutwa. Mwalimu wa kikundi huitwa Maalim, nawe mwite hivyo. Mwimbaji mwanamke mtu mzima ni Bi, ukifuatisha jina lake, hata kama unamwona anacheka na kila mtu.

Kaa nyuma au pembeni, si nyuma ya wapiga fidla, maana upinde unahitaji nafasi. Simu izime mlio. Usianze kurekodi kabla hujauliza, kwa sababu huenda unachokisikia ni wimbo mpya ambao klabu inautunza kwa ajili ya Idd, na wimbo ukitoka kwenye simu ya mgeni kabla ya siku yake umeharibu miezi ya kazi. Vazi ni la heshima ya kawaida ya mji: suruali ndefu au kanzu, gauni refu, khanga begani. Hakuna atakayekufukuza kwa fulana, ila utajiona mwenyewe.

Sasa angalia yanayotokea. Maalim ana udi mapajani, mbele yake daftari lenye mashairi yaliyokatwa na kuandikwa juu yake tena. Fidla tatu zinapiga kipande kimoja, noti chache tu zinazopanda na kushuka kabla ya ubeti wa pili. Ya tatu inachelewa. Maalim hasemi kitu, anagonga ubao wa udi kwa kidole, wote wanaacha. Anakiimba kile kipande kwa mdomo, *ta-ri-ra-ra*, akivuta ile ya mwisho kidogo. Wanarudia. Wanarudia tena. Mwimbaji amekaa, anajipepea kwa ncha ya mtandio, anasogoa na waitikiaji juu ya bei ya samaki. Mara ya tano au ya sita kipande kinaingia, yeye bila kusimama wala kumaliza habari yake ya samaki anageuza shingo na kuingia kwenye ubeti palepale panapotakiwa. Kwenye onyesho ungeona ubeti tu. Hapa umeona mlango wake unavyofunguliwa, na ukiusikia tena siku ya Idd utajua kwa nini yule wa fidla ya tatu anatabasamu.

Sikiliza nini

Taarab asilia inampiga mgeni kwa wingi: ganuni, udi, nai, fidla kadhaa, akodioni, pengine selo na dabalbesi, dumbaki, rika, na nyuma yake safu ya waitikiaji. Ukijaribu kusikia vyote utasikia kelele nzuri. Chagua ala moja, uifuate wimbo mzima, kisha wimbo unaofuata chagua nyingine.

Anza na ganuni. Ni ubao wa pembe nne uliokatwa kona, una nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Mpigaji huvaa pete za chuma kwenye vidole vya shahada na kuchomeka humo vijiti vya kudonolea. Kwa mkono wa kushoto hugusa vichuma vidogo vinavyoinua au kushusha uzi kwa kiasi kisichofika nusu sauti. Hapo ndipo palipo na siri ya ladha ya muziki huu. Makamu, yaani ngazi za sauti, kama rasti na bayati, zina sauti ambazo kinanda cha kawaida hakina, zimekaa kati ya ufunguo mweupe na mweusi. Mtu aliyezoea kwaya au muziki wa dansi mwanzo anaweza kudhani mwimbaji amekosea. Hakukosea. Mpe nyimbo mbili, sikio litahama lenyewe.

Usiku wa heshima hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu kisicho na maneno. Wengi wa hadhara bado wanatafuta viti wakati huo, wanaitana, wanapeana karanga, na ni hasara yao. Bashrafu ndiyo nafasi ya kusikia kikundi kikiwa kikundi, kabla mwimbaji hajayateka macho ya watu. Kisha wimbo: ala zinatangulia, ubeti unaimbwa, waitikiaji wanapokea, ala zinajibu kwa kipande chao, na mzunguko unaendelea. Wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa. Wakati mwingine kati ya beti kila kitu kinatulia na ala moja inabaki peke yake, inatembea bila ngoma, inatafuta njia. Hiyo ni taksimu, na mpigaji anaibuni palepale. Huu si wakati wa kwenda msalani.

Maneno ndiyo nusu ya raha, na kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo faida uliyonayo juu ya mtalii yeyote. Mara nyingi ubeti una mistari mitatu, kila mmoja mizani 16, na vina vya kati na vya mwisho. Fikiri kila mstari kuwa vipande viwili vya mizani nane. Ukishalisikia pigo hilo la nane na nane utaanza kubashiri kina kinachokuja, na mshairi mzuri atakufanya ubashiri vibaya. Mwimbaji naye anacheza na subira yako: anaimba kipande cha kwanza, anaziachia fidla, anarudia kipande kilekile, na cha pili bado amekiweka mfukoni. Ukumbi mzima unangoja kina. Kinapotua, utawasikia wanawake wakiachia vigelegele, na si kwa utamu wa sauti peke yake, bali kwa kuwa neno limempata mtu.

Maana mashairi haya yana wenyewe. Mtu huandika shairi, akalipeleka klabu likatiwa sauti, na mara nyingi hataki jina lake lijulikane. Ndege, ua, jahazi, kisima, pete: kila kimoja kinaweza kuwa mtu. Unaruhusiwa kumuuliza jirani yako, "Bi, hili fumbo la nini?" Usimuulize la nani. Akitaka atakwambia, na kama yeye ndiye mwenyewe utaona tu anavyojizuia kucheka.

Ukitaka kuja umejiandaa, soma *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba mwaka 1880, mtoto wa watu maskini, akaja mjini kuuza vyungu, na kufikia 1928 alikuwa Bombay anarekodi sahani za santuri. Kabla yake taarab ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake, akina Subeti Ambari, Buda Suwedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, waliiimba kwa Kiswahili na kuitia habari za mji: kesi, wizi, majivuno ya wenye vyeo. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke na muuaji aliyekimbilia bara. Alifariki mwaka 1950, lakini tabia ya ukumbi kusikiliza wimbo kama mtu anayesikiliza habari za mtaa ni yake, na bado ipo.

Kutunza

Hapa ndipo wageni wengi wanapoganda. Wimbo umekolea, mwanamke mmoja anainuka kiti cha nyuma, amevaa gauni la kumetameta, noti imenyooshwa kati ya vidole viwili juu ya kichwa chake. Haendi mbio. Anakuja kwa mwendo wa ngoma, mabega yanacheza, anasimama katikati ya njia mstari unapoimbwa, ananyoosha mkono kuuonyesha mstari huo kwa ukumbi, au kwa kiti fulani cha ukumbi, kisha anafika mbele na kumpa mwimbaji. Mwimbaji anapokea bila kukata sauti. Nyuma ya yule mwanamke wameshapanga mstari wengine watano.

Huku ndiko kutunza. Watu hukuita zawadi kwa mwimbaji, na ni kweli, lakini pia ni kauli. Anayekwenda kutunza kwenye mstari wa mahaba anasema jambo. Anayekwenda kwenye mstari wa kijembe anasema jingine, kwa sauti kubwa kuliko angeweza kulisema sokoni. Kwa hiyo kabla hujainuka, jua ni mstari gani unaoimbwa. Mgeni aliyekwenda kutunza kwa moyo mweupe wakati ubeti unamsema mke mwenza anaweza kukuta macho ya watu ambao hakuwahi kuwatukana.

Njia salama: ngoja kiitikio, au ubeti wa kumsifu Mola au kuusifu mji. Njoo na noti ndogo ndogo, za shilingi 1,000 na 2,000, ukizivunja mapema dukani, kwa sababu raha ni kwenda mara kadhaa, si kumwaga 10,000 kwa mpigo mmoja. Mpe mkononi, au weka kwenye sahani ikiwa ipo. Kama wewe ni mwanamume na mwimbaji ni mwanamke, nyoosha mkono, toa, rudi. Kubandika noti kwenye paji la uso kuna kumbi zake, wala hazikosi, lakini klabu za asilia si mahali pake. Usiwasahau wapigaji pia. Ni nadra mtu kumtunza mpiga ganuni baada ya taksimu, na ndiyo maana atakukumbuka. Fedha zikusanywazo huenda kwa mwimbaji, kwa mfuko wa klabu au zinagawanywa, kila klabu na kawaida yake. Ukiwa kwenye mazoezi ambapo hakuna anayetunza, mchango mdogo kwa katibu kwa ajili ya nyuzi utapokewa vizuri kuliko sifa. Nyuzi za fidla na ganuni haziuzwi kwenye soko la Darajani.

Ukitaka kucheza

Klabuni watu wanakaa. Ukijisikia miguu inawasha, tafuta kidumbak. Ni ndugu wa taarab aliyekulia mitaa ya Ng'ambo na mashamba: fidla moja inayokwenda kasi, vidumbak viwili vidogo vya kupigwa kwa mikono, mkwasa, cherewa, na sanduku, ambalo ni sanduku la kweli la mbao lililofungwa kijiti na kamba, likatoa besi. Vifaa vyote hubebeka kwa gari moja. Nyimbo zinaungana moja na nyingine bila kupumua, maneno ni makali zaidi, na viuno havipumziki. Makame Faki, aliyejulikana kwa jina la Sauti ya Zege, aliimba Culture na pia akatamba na kidumbak, kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa hii ni taarab ya wasiojua.

Kidumbak kwa kawaida hupigwa harusini, na harusi ina sheria zake. Shughuli ni ya wanawake. Dada yangu, ukialikwa nenda, vaa sare kama umeambiwa sare, na simu ibaki mkobani: wako waliovua buibui kwa kuwa wanajua wako kati yao, na picha moja inaweza kuvunja nyumba. Kaka yangu, utasikilizia nje na wenzako, na mimi nasema nje hakuna ubaya, fidla inafika.

Usiku wa taarab ya kisasa ni jambo jingine tena. Tangu miaka ya 1990, enzi za kikundi cha East African Melody, kinanda cha umeme kimechukua kazi ya ala nyingi na vijembe vimetoka kwenye mafumbo vikaja mezani. Watu wanacheza mpaka alfajiri. Nakwenda, nafurahi, lakini sipeleki huko mtu anayetaka kujua mpiga fidla anafanya nini, maana mara nyingi hayupo.

Kama uko Tanga, Mombasa, Lamu au Dar es Salaam, usidhani huna pa kuanzia. Tanga ndiko kikundi cha Black Star kilikoingiza gitaa kwenye taarab na kumtoa mwimbaji Shakila, na Mombasa harusi bado zinaita waimbaji. Huko huenda usikute jumba la klabu lenye ubao mlangoni. Mtafute mpigaji mmoja, fundi wa udi au mzee wa akodioni, yeye atakuambia wanakutana wapi.

Wakikwambia ingia

Ukirudi mazoezini mara kadhaa, mtu atakusogezea daftari. Usikimbilie ala. Waimbaji wengi walianzia kwa waitikiaji, na huko ndiko mgeni anakoweza kuingia bila kumharibia mtu: kiitikio ni kilekile, kinarudi, na sauti yako imezungukwa na za wengine. Kaa katikati ya safu, si pembeni. Usiitikie kwa nguvu mpaka umejua pumzi inachukuliwa wapi, kwa sababu waitikiaji wanavuta pumzi pamoja na anayechelewa anasikika kuliko anayekosea noti. Njoo na daftari na kalamu yako. Wengi siku hizi wanapiga picha ya shairi kwa simu, halafu Maalim anafuta neno, anaweka jingine, na wao wanaendelea kuimba lile la jana.

Kama ni ala unayoitaka, anza na rika au dumbaki, si kwa kuwa ni rahisi bali kwa kuwa zinakufundisha kuhesabu kabla ya kupamba. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kinafundisha udi, ganuni, fidla na ngoma hizi, na kimesaidia sana wasichana kuzishika ala ambazo zamani mikono yao haikupewa. Kikundi cha wanawake cha Tausi, kilichoanzishwa na Maryam Hamdani mwaka 2009, kina wanawake wanaopiga ala zote wenyewe. Ukisoma chuoni, endelea kwenda klabuni. Chuoni utapewa makamu kwa karatasi. Klabuni utajua nani huwa anaharakisha wimbo akichoka na nani anamshikia.

Na ukipokewa, viti vya plastiki vinapangwa na wageni wa klabu, vinakusanywa na wageni wa klabu. Ada ya mwezi iulizie kwa katibu, usimsumbue mwimbaji.